Kutafuta paipu za umeme ndani ya zege kabla hujakata: mwongozo kamili

Kuna kosa moja nalikuta sana saiti na linafanywa na watu wenye nia nzuri kabisa. Mtu anataka kutoboa slabu apitishe bomba la choo, au kuchana nguzo apitishe paipu ya AC, ameambiwa awe makini na umeme, basi anaenda kuzima mein swichi, anarudi na kile kimashine cha kuskani ukuta, anakipitisha, kimya, anasema hapa pako safi, anavuta ekstensheni kwa jirani na kuwasha grenda. Kimashine kilikaa kimya kwa sababu yeye mwenyewe kazima kitu ambacho kimashine kilikuwa kinakitafuta. Waya zipo palepale, umeme tu ndo haupo, na diski ikishapita hapo chumba kizima kinakufa na marekebisho yake ni kubomoa zege.

Kwa hiyo kabla ya yote shika mpangilio huu: umeme unatafutwa ukiwa umewaka, zege linakatwa umeme ukiwa umezimwa. Ni kazi mbili tofauti na hazifanyiki kwa hali moja. Mwongozo wote huu unafuata hapo. Mfano ninaoutumia ni nyumba za ghorofa za kwetu Dar es Salaam, slabu ya zege na nondo, kuta za tofali, paipu za plastiki zilizolazwa kabla zege halijamwagwa, maana ndo majengo mengi ninayoyajua na ndo yanayokatwa sana saivi watu wakibadilisha vyoo na majiko.

Kwanza ujue paipu imelala wapi humo ndani

Paipu za umeme tunazotumia ni PVC, nyingi za milimita 20, na 25 pale waya zinapokuwa nyingi au nene. Fundi anazilaza baada ya nondo za chini kufungwa, anazikaza na waya wa kufungia nondo, alafu zinakuja nondo za juu na zege linamwagwa. Sasa piga hesabu na mimi. Slabu ya kawaida ni milimita 150. Chini kuna zege la kufunika nondo, tuseme milimita 25, alafu nondo ya milimita 12 na nyingine ya 12 imekatiza juu yake, jumla hapo ni kama 49. Paipu imekalia juu ya hizo nondo. Maana yake ukitazama kutokea dari la chini paipu iko kama sentimita 5 ndani, lakini ukitazama kutokea juu sakafuni kuna sentimita 8 hivi za zege, ongeza skridi (lile tabaka la mchanga na saruji chini ya marumaru) ya sentimita 4 au 5, ongeza gundi na marumaru, umeshafika sentimita 13 na zaidi.

Hesabu hiyo ndogo inakupa uamuzi mkubwa: slabu iskaniwe kutokea chini. Watu wanaskani juu ya marumaru kwa sababu ndo upande wanaotaka kukata, na vile vimashine vya bei ya kawaida havifiki huko. Chukua mfano Bosch GMS 120 ambayo mafundi wengi wanayo, kwa maelezo ya kiwanda inaona chuma hadi sentimita 12, shaba hadi sentimita 8, na waya wenye umeme hadi sentimita 5 tu. Hizo ni namba za mazingira mazuri, bila nondo kukaa katikati. Kutokea juu ya marumaru hiyo sentimita 5 inaishia kwenye skridi. Kwa hiyo kama chini kuna dari la jipsamu, fungua kipande, panda na ngazi, ufike kwenye zege lenyewe.

Kitu kingine cha kukaa nacho kichwani, PVC yenyewe kimashine cha namna hii hakiioni. Kinaona shaba iliyo ndani au kinasikia umeme unaopita. Paipu tupu iliyowekwa kwa ajili ya kesho, au ya intaneti ambayo haijavutwa waya, haipo kabisa kwa kimashine hicho. Ikikatwa hamna atakayepigwa shoti lakini mwenye nyumba kapoteza njia yake na hatajua mpaka siku anataka kuvuta waya.

Hatua ya 1: chora ramani bila mashine yoyote

Hii ndo hatua ninayoipa muda kuliko zote na ndo inayorukwa na wengi. Paipu ya umeme ina mwanzo na ina mwisho, haianzi hewani. Ukijua miisho yote miwili umeshapunguza eneo la kutafuta kwa kiasi kikubwa sana.

Anza na kuuliza. Mchoro wa umeme upo? Mara nyingi upo mchoro wa kuombea kibali, na unaonyesha taa na soketi zilipo lakini sio njia ambayo fundi alipitisha paipu, kwa hiyo usiuamini kwa njia, uamini kwa idadi. Fundi aliyejenga anapatikana kwa simu? Mpigie. Kuna mtu alipiga picha siku ya kumwaga zege? Picha za hivyo zipo kwenye simu za watu wengi kuliko unavyodhani, mwenye nyumba alipiga ajionee maendeleo tu, ukizoom unaona paipu zimelala vipi juu ya nondo na zinapita upande gani wa nguzo. Picha moja ya hivyo inashinda kimashine chochote.

Baada ya hapo tembea na daftari. Simama kwenye DB, yaani boksi la breka, hesabu breka, andika. Alafu chumba kwa chumba: taa za dari, swichi, soketi, AC, hita, jiko, feni, kamera, kengele ya geti. Chora chumba kwa juu na weka alama kila kitu kilipo, upande wa ghorofa lako na la chini yake.

Sasa unganisha. Ukutani kazi ni rahisi kwa sababu fundi mwenye adabu anapanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi au soketi, au anakwenda mlalo usawa wa soketi kwa soketi. Kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo mafundi wengi wa kwetu wamefundishwa nazo, zinaruhusu waya wa ukutani kupita wima au mlalo kutoka kwenye kifaa, na pia ndani ya milimita 150 kutoka juu ya ukuta na milimita 150 kutoka kwenye kona. Kwa hiyo juu na chini ya kila swichi hesabu kuna paipu hadi uthibitishe hamna. Ila usisahau, fundi asiyefuata kanuni anakata kona kwa kulalisha paipu mshazari ili aokoe mita moja, ndo maana ramani ni mwanzo na sio mwisho.

Kwenye slabu hamna wima wala mlalo. Huko paipu inafuata njia fupi, kutoka boksi la taa kwenda boksi la taa, na kutoka boksi la taa kwenda kwenye ukuta juu ya swichi yake, mshazari kabisa kukatiza chumba. Chora hiyo mistari kwa chaki kwenye dari. Kila mstari upe nafasi, mimi naacha kama futi moja kila upande, kwa sababu paipu hujipinda zege likimwagwa na watu wakikanyaga.

Na eneo la juu na chini ya DB liache kabisa. Pale paipu zinakusanyika zote, zimebanana, nyingine zinapanda kwenda ghorofa la juu. Kama mahali pa kukata unaweza kusogeza, sogeza hata mita moja na nusu, ni bei rahisi kuliko kutafuta njia katikati ya kundi lile.

Hatua ya 2: fungua maboksi uangalie midomo

Mbinu hii haina gharama yoyote zaidi ya bisibisi. Zima breka husika, hakikisha umezimika, fungua kifuniko cha swichi au soketi, vuta kifaa nje kidogo uangalie paipu imeingia boksini kutokea upande gani. Imeingia juu? Basi umeme unatoka darini. Imeingia chini? Imetoka kwenye sakafu, na hapo ndo uwe makini zaidi kama unataka kukata sakafu. Imeingia ubavuni? Inaenda kwa soketi jirani. Boksi lenye midomo mitatu yenye paipu maana yake ni njia tatu, zitafute zote tatu.

Kwenye boksi la duara la taa darini ndo kuna utajiri. Toa taa, toa kifuniko, uone midomo mingapi ina paipu na imeelekea wapi. Ukishajua mwelekeo wa mdomo, mstari wako wa chaki unaacha kuwa wa kubahatisha. Ukikuta mdomo umeelekea pembe ambayo haiendi kwenye swichi wala taa yoyote uliyoandika, simama hapo, kuna kitu hukukiona, labda taa ya veranda, labda hita ya bafu la jirani.

Hatua ya 3: jua ni umeme wa nani

Kwenye ghorofa za kupanga, kama zile za Upanga au Kariakoo, hii ni hatari ambayo watu hawaifikirii. Slabu unayoikanyaga imebeba taa za jirani yako wa chini. Boksi zake za taa zimo kwenye zege la sakafu yako. Wewe ukizima DB yako yote umezima vya kwako, lakini paipu iliyo chini ya marumaru yako inalishwa na DB yake yeye kupitia LUKU yake. Na slabu iliyo juu ya kichwa chako imebeba taa zako pamoja na, mara nyingine, soketi za sakafuni za jirani wa juu. Kwa hiyo kabla ya kutoboa slabu unaongea na nyumba mbili, juu na chini, na mnakubaliana saa ya kuzima. Mwenyeji akisafiri na mlango umefungwa, kazi inasubiri.

Alafu kuna umeme usiozimika ukizima mein swichi yako. Waya unaotoka kwenye mita ya LUKU kuja DB uko kabla ya mein swichi, kwa hiyo unabaki na umeme muda wote, na ni waya mnene ambao ukiguswa unalipuka kwa nguvu kwa sababu nyuma yake hamna breka ndogo ya kukimbilia kukata. Mara nyingi mita iko ukuta wa nje au kwenye nguzo ya geti na waya unapita ukutani au chini ya sakafu kufika ndani. Mstari huo ujue kwanza kuliko yote, na kama unakata karibu nao basi TANESCO ndo wa kuja kukata huo umeme, sio wewe na koleo. Tafuta pia inveta, betri za sola, jenereta yenye kubadilisha yenyewe. Nyumba yenye inveta unazima mein, taa zinaendelea kuwaka kana kwamba hujagusa kitu, na mtu anadhani breka imekosewa jina.

Zima breka moja moja, angalia nini kimekufa, andika jina kwa kalamu isiyofutika. Hapa hamna la kuongeza, ni kazi ya kupanda na kushuka ngazi.

Hatua ya 4: washa kila kitu, ndo uskani

Sasa washa. Taa zote, swichi zote zikiwa zimewashwa, kwa sababu waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa hauna umeme mpaka swichi iwashwe. Kwenye soketi chomeka mzigo wa kweli, birika au pasi, umeme upite. Swichi za ngazi zenye njia mbili zijaribu kwa hali zote mbili.

Kabla hujaanza mahali pa kukata, peleka kimashine mahali unapojua kuna waya, mfano juu kidogo ya swichi inayowasha taa. Kikilia pale, sawa, kinafanya kazi na kina uwezo kwenye ukuta huo. Kisipolia pale, majibu yake mahali pengine pote hayana maana. Nasisitiza hili kwa sababu ukimya wa kimashine ndo unaotumika kama ruhusa ya kukata, na ukimya ambao hujaupima ni hatari kuliko kutokuwa na kimashine.

Chora gridi kwa chaki, mistari ya sentimita 10, mlalo na wima, ikizidi eneo la kukata kwa nusu mita kila upande. Pitisha polepole mistari yote ya mlalo, alafu yote ya wima, kwa sababu kimashine kinakamata vizuri kitu kinachokikatiza na kinaweza kukosa kitu kilicholala sambamba nacho. Kila kinapolia weka alama, chuma rangi moja, umeme rangi nyingine.

Baada ya muda alama za chuma zitajipanga. Nondo zina mpangilio, zinajirudia kila sentimita 15 au 20, pande zote mbili, kama shuka la miraba. Unachokitafuta ni kile kinachovunja mpangilio: alama mbili zilizokaribiana kuliko nyingine, mstari unaokwenda mshazari, alama inayoonekana kwa urefu wa mita moja alafu inapotea. Hiyo chukulia ni paipu mpaka ithibitike vinginevyo. Ukilinganisha na mstari wako wa ramani ukakuta vinakaribiana, hapo umeipata.

Matatizo mawili yatakusumbua. La kwanza unyevu. Ukuta wenye maji, au plasta mpya, unasambaza ule umeme wa juujuu na kimashine kinalia eneo zima, ukuta wote unaonekana una waya. Weka kiganja cha mkono mwingine ukutani, sentimita 20 hivi kando ya kimashine, mara nyingi kelele inapungua na unabaki na mstari halisi. Ikikataa, acha ukuta ukauke. La pili ni paipu za chuma, kwenye majengo ya zamani zipo, zile zinaficha umeme ulio ndani kwa hiyo kimashine kitasema chuma tu, na utaichanganya na nondo. Jengo la zamani likionyesha chuma kinachokwenda njia isiyoeleweka, usiseme ni nondo.

Hatua ya 5: fuata waya kwa mlio

Kama bado una shaka, na kwenye slabu mara nyingi utakuwa nayo, tumia kifaa cha kutuma mlio. Ni vipande viwili, kimoja kinapeleka ishara kwenye waya, kingine unakishika mkononi kinalia ukikaribia waya huo. Uzuri wake ni kwamba kinakuonyesha waya mmoja unaoutaka wewe, nondo na waya nyingine zinakaa kimya au zinalia kidogo.

Hapa sakiti izimwe na ithibitishwe imekufa, isipokuwa kifaa chako kimetengenezwa kwa ajili ya waya wenye umeme. Tenganisha ule waya kwenye DB. Sasa siri ya kazi hii iko kwenye unavyounganisha: klipu moja iende kwenye waya unaoutafuta, nyingine iende kwenye athi ya mbali, mfano fimbo ya chuma uliyoipigilia ardhini nje ya nyumba. Watu wanafunga klipu moja kwenye laivu na nyingine kwenye nyutro ya paipu hiyohiyo, ishara inakwenda na kurudi kwenye njia moja, inajiua yenyewe, alafu wanasema kifaa kibovu. Ishara ikirudi kwa njia ya ardhini inakuwa na nguvu na unaisikia hata kupitia zege.

Na ile paipu tupu isiyo na waya? Ingiza springi ya chuma ya kuvutia waya, isukume hadi ikwame au itokee upande wa pili, funga klipu kwenye springi, sasa paipu tupu inalia. Pima pia urefu wa springi ulioingia, inakupa umbali wa paipu hata kama haijanyooka. Usiingize springi ya chuma kwenye paipu yenye waya zenye umeme, hata moja, hata kwa haraka.

Hatua ya 6: lini uite rada

Rada ya zege inatuma mawimbi ya redio, kwa kazi hii mara nyingi kati ya gigahezi 1 na 2.7, na inasoma yanavyorudi. Inafika sentimita 30 hadi 40 kwenye zege kavu, na inaweza kuona plastiki pia, ingawa plastiki inarudisha wimbi dhaifu kuliko nondo. Kwenye skrini kila kitu kinachokatizwa kinatokea kama upinde, na mtu aliyezoea anatofautisha upinde wa nondo na wa paipu kwa kina na kwa nguvu yake. Zege bichi lenye maji mengi linameza mawimbi, kwa hiyo slabu ya wiki chache usitegemee majibu mazuri.

Kununua sio kwa kazi ya nyumba moja. Kukodi pamoja na mtu wa kuisoma kunalipa kama unatoboa slabu kwa mashine ya koa (ile inayotoa tundu kubwa la duara), kama jengo ni refu, au kama kukosea kutazima watu wengi, hospitali, benki, seva. Kuna pia picha za eksirei, zinaonyesha kila kitu, lakini zinahitaji kufika pande zote mbili za zege, kuondoa watu eneo lote, na kibali kutoka Tume ya Nguvu za Atomu, kwa hiyo nyumbani sahau.

Na kama jengo lina slabu iliyokazwa kwa kebo za chuma zilizovutwa, utafiti wa paipu za umeme ni nusu ya kazi. Kebo ile ikikatwa inaachia nguvu ya kuua na kudhoofisha jengo. Hapo mhandisi wa jengo aseme mwenyewe kwa maandishi wapi pakatwe. Hata slabu ya kawaida, kukata nondo sio uamuzi wa fundi umeme wala fundi bomba.

Hatua ya 7: zima, thibitisha, ndo ukate

Sasa ndo zamu ya kuzima. Zima breka zote zinazopita eneo lile, zako na za majirani, weka kufuli au tepu na karatasi yenye jina na namba ya simu, maana kuna mtu atakuja kuwasha akidhani imejikata. Thibitisha kwa maltimita au testa ya ncha mbili: jaribu kwanza mahali penye umeme uone inasoma, nenda kwenye sakiti uliyoizima uone sifuri, rudi penye umeme uone bado inasoma. Bisibisi ya taa usiitegemee kwa kazi ya uhai wa mtu, inaweza kukaa kimya na umeme upo.

Umeme wa grenda wenyewe uchukue sehemu isiyohusika na eneo hilo na upitie RCD (breka inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, hasa mkikata kwa maji.

Anza na tundu la kuchungulia. Drili ndogo ya milimita 6, weka kizuizi cha kina, ingia sentimita 2, angalia vumbi, ingia tena. Vumbi la zege ni la kijivu, ukiona nyuzi za plastiki, nyeupe au nyeusi, simama hapohapo. Kwa mashine ya koa angalia tope linalotoka na usikilize mashine, ikipita kwa wepesi ghafla imeingia sehemu yenye uwazi, toa, angalia kwa tochi.

Grenda ya inchi 4 na nusu inaingia kama sentimita 3, ya inchi 9 inaingia karibu 6. Kwa ukuta tumia ile ndogo, sentimita moja moja, sio kuzamisha diski yote mara moja. Na pale ambapo mstari wako wa kukata unapita karibu na alama ya paipu, weka grenda chini, chukua tindo na nyundo, fukua kwa mkono mpaka paipu ionekane kwa macho. Ni kazi ya jasho lakini tindo ikigusa PVC unaisikia mkononi, grenda haikwambii kitu. Vaa barakoa ya kweli ya vumbi, P2 au FFP2, kwa sababu vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu na kitambaa hakiizuii, vaa miwani, na huyo saidia fundi anayeshika tochi naye apewe vyake.

Ikitokea umekata

Achia mashine, zima umeme wake kwenye chanzo, mtu yeyote asiguse diski wala maji yaliyomwagika mpaka uthibitishe hamna umeme. Kama mtu amepigwa, usimshike, zima kwanza.

Alafu usifanye ile ya kusokota waya, kufunga na tepu na kuziba na plasta. Kiungo kile kitapata joto, kitapata unyevu, na kiko mahali ambapo hamna mtu atakayekiona kikiungua. Fukua uzipate ncha mbili za paipu zikiwa wazi, vuta waya mpya kutoka boksi hadi boksi kwa springi, rudishia paipu kwa kipande cha PVC chenye soketi za kuunganishia na gundi. Ikishindikana kuvuta, weka boksi lenye kifuniko kinachobaki kinaonekana. Kabla ya kuziba pima waya kwa mega (kipimo cha uzima wa ganda la waya) ya volti 500, taa na vifaa vikiwa vimetolewa, usomaji usiwe chini ya megaomu 1, na waya mpya usio na jeraha utakupa zaidi ya hapo kwa mbali. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba au jirani aambiwe siku hiyohiyo kilichotokea.

Paipu ikiwa wazi, kabla ya saruji kurudi, weka futi kamba pembeni yake, moja kutoka ukutani na nyingine kutoka sakafuni, piga picha mbali na karibu. Printi picha hizo uzibandike ndani ya mlango wa DB, pamoja na ile orodha ya breka uliyoiandika.